Kuingia kwenye Linux na Kufika Eneokazi Baada ya Usakinishaji Mpya: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Ukurasa huu umeandikwa kwa ajili ya watumiaji wa Mtwara na Lindi waliomaliza kusakinisha Linux, wakaiwasha kompyuta, kisha wakakwama kabla ya kuliona eneokazi, yaani skrini kuu yenye madirisha na menyu (desktop). Wengi wanaouliza ni makarani wa vyama vya msingi vya ushirika, walimu, wanafunzi wa vyuo na wenye vibanda vya kuchapa na kutoa kopi, na mashine zao kwa kawaida ni zile zilizokwisha kutumika Ulaya au Uarabuni kabla ya kufika kwetu. Majibu yamelenga Ubuntu 24.04, Linux Mint 22, Debian 12 na Debian 13. Amri zimeandikwa kama zinavyopaswa kuchapwa, na popote litakapoonekana neno karani, weka jina lako la mtumiaji.

Kompyuta inapita hatua zipi tangu kuwashwa hadi eneokazi kuonekana?

Hatua ya kwanza ni ya baiosi, au UEFI kwa mashine za miaka ya karibuni, ambayo hukagua vifaa na kutafuta diski yenye mfumo. Inafuata GRUB, programu ndogo ambayo kazi yake ni kupakia kerneli, yaani kiini cha Linux chenyewe. Kerneli ikishaitambua diski, kibodi na kadi ya picha, huiachia systemd kazi ya kuanzisha huduma zote, ikiwamo programu ya kuingilia: GDM kwenye Ubuntu na kwenye Debian yenye GNOME, LightDM kwenye Linux Mint na kwenye Debian yenye Xfce, na SDDM kwenye KDE Plasma (GNOME, Xfce na KDE Plasma ni aina za eneokazi). Programu hiyo ndiyo inayokuuliza jina na neno la siri, na ikiridhika hufungua kipindi chako, ambacho nacho ndicho kinacholeta eneokazi.

Kila hatua ina dalili yake. Ukiona nembo ya mtengenezaji tu, bado uko kwenye baiosi. Ukiona grub> au grub rescue>, GRUB imeamka lakini haikupata inachokitafuta. Ukiona (initramfs), kerneli imewaka lakini imeshindwa kuifungua diski. Ukiona neno login: kwenye skrini nyeusi, mfumo wote umewaka na ni sehemu ya picha pekee ambayo haipo au imeanguka. Ikiwa unaandika neno la siri, skrini inameta, kisha unarudishwa palepale pa kuliandika, basi neno lako ni sahihi na kilichoanguka ni kipindi. Nembo ya Ubuntu au Mint ikikaa muda mrefu bila kusogea, bonyeza Esc ili uone maandishi yanayopita nyuma yake, kwa kuwa mstari wa mwisho kabla ya kukwama mara nyingi hutaja kilichogoma.

Ninasisitiza hatua hizi kwa sababu desturi iliyoenea kwetu ni kusakinisha upya kila mfumo unapogoma, jambo linalokula siku nzima na kifurushi cha data, na mara nyingi tatizo hurudi vilevile kwa kuwa sababu yake haikuguswa. Kati ya matatizo yote yaliyomo humu, ni mawili tu yanayoweza kuhalalisha usakinishaji mpya, nami nitayataja yakifika.

Ninaandika neno la siri nililolichagua wakati wa kusakinisha, lakini linakataliwa. Kwa nini?

Anza kwa kuhakikisha kwamba umewasha mfumo uliosakinishwa na si ule ulioko kwenye flashi. Usakinishaji unapokwisha huombwa kuichomoa flashi, na asiyeichomoa hujikuta amerudi kwenye mfumo wa majaribio, ambao haulijui jina wala neno lake la siri. Dalili iliyo wazi ni kuwapo kwa aikoni ya kusakinishia kwenye eneokazi. Mfumo wa majaribio wa Ubuntu una mtumiaji anayeitwa ubuntu asiye na neno la siri. Wa Mint ni mint, naye hana. Wa Debian ni user, na neno lake ni live. Chomoa flashi, washa upya, na kama bado hufiki kwenye diski, fungua menyu ya kuchagulia chombo cha kuwashia: aghalabu ni F12 kwa Dell na Lenovo, na F9 au Esc kwa HP.

Ikiwa uko kwenye mfumo sahihi, mshukiwa wa pili ni mpangilio wa kibodi, na hapa ndipo kompyuta zetu zilizotumika zinapotuchezea. Mashine iliyotoka Uingereza ina alama ya @ karibu na kitufe cha Enter, mahali ambapo mpangilio wa Marekani una alama za kunukuu, na ule wa Marekani huiweka @ juu ya namba 2. Iliyotoka Ujerumani imebadilishana nafasi za Y na Z. Tuseme mtu wa Msimbati amechagua neno mnazibay, ambalo, tukiweka kando kwamba kila jirani yake angelikisia, lina herufi zote mbili. Ikiwa skrini ya kuingilia inatumia mpangilio wa Kijerumani ilhali alipolichagua ulikuwa wa Kimarekani, vidole vyake vitabonyeza vitufe vilevile na kompyuta itapokea mnayibaz, naye ataona vidoti vinane tu na kuapa kwamba hakukosea. Mpangilio ukiwa mmoja tangu usakinishaji hadi kuingia, hitilafu hii haitokei, hata kama herufi zilizochorwa juu ya vitufe ni za nchi nyingine. Shida huanza mipangilio inapotofautiana.

Dawa yake ni rahisi. Kwenye skrini ya kuingilia kuna kitufe kidogo cha kuchagulia kibodi, kwa kawaida juu upande wa kulia, mradi mfumo umewekewa mipangilio zaidi ya mmoja. Kama hakipo, andika neno lako la siri kwenye nafasi ya jina la mtumiaji, pale ambapo herufi hazifichwi, uone kinachotoka, kisha ufute. Ubuntu na Debian zenye GNOME hukuruhusu kufanya hivyo baada ya kuchagua kwamba jina lako halimo kwenye orodha. Ukishaingia, weka mpangilio mmoja wa kudumu kwa amri sudo dpkg-reconfigure keyboard-configuration (neno sudo mbele ya amri huiendesha kwa mamlaka ya utawala, na huuliza neno lako la siri). Mpangilio wa Kiswahili cha Tanzania upo kwenye orodha, ingawa kwa lugha yetu isiyo na herufi za alama maalumu ule wa Marekani unatosha kabisa.

Kagua pia taa ya Caps Lock, na ile ya Num Lock ikiwa neno lako lina tarakimu unazoziandika kwa vitufe vya pembeni.

Kwenye skrini nyeusi ninachapa neno la siri lakini hakuna kinachoonekana. Je, kibodi imekufa?

Hapana. Skrini ya maandishi haionyeshi chochote unapoandika neno la siri, hata vidoti, ili anayechungulia begani asijue urefu wake. Andika lote, kisha bonyeza Enter.

Jina la kuingilia ni lipi hasa?

Ni lile fupi la herufi ndogo lisilo na nafasi. Skrini yenye picha inaweza kukuonyesha Karani Mkuu, lakini penye login: kompyuta inataka karani. Kama umelisahau na una njia yoyote ya kufika kwenye terminali, yaani mahali pa kuandikia amri, amri ls /home hutaja majina ya watumiaji waliopo.

Nimesakinisha Debian vizuri, lakini ikiwaka inaleta maandishi na neno login: tu. Eneokazi limekwenda wapi?

Kwa uwezekano mkubwa halikuwahi kuwekwa. Faili ndogo ya kusakinishia Debian, ile ambayo haifiki gigabaiti moja na ambayo watu huipenda kwa kuokoa data, imebeba mfumo wa msingi pekee. Eneokazi, iwe GNOME au Xfce, hupakuliwa kutoka kwenye intaneti wakati usakinishaji ukiendelea. Anayesakinisha bila mtandao huulizwa kama aendelee hivyo, hujibu ndiyo, na mwishoni hupata mfumo mzima wa afya ambao hauna hata dirisha moja. Hali hiyo humpata pia aliyeondoa tiki kwenye orodha ya maeneokazi, na aliyechukua Ubuntu ya seva akidhani ni ya kawaida, kwa kuwa ile ya seva haina eneokazi kwa makusudi.

Ingia kwa jina na neno lako la siri, kisha uthibitishe kwa amri systemctl get-default. Ikijibu graphical.target, mfumo unakusudia kuleta picha, nawe chunguza kama programu ya kuingilia ipo na kwa nini haikuamka: systemctl status display-manager. Ikijibu multi-user.target, mfumo umepangwa kuishia kwenye maandishi, na kama eneokazi lipo tayari utairekebisha kwa sudo systemctl set-default graphical.target kisha kuwasha upya.

Ikiwa eneokazi halipo, unahitaji intaneti. Njia iliyo karibu na wengi ni simu: iunganishe kwa waya wa USB, uwashe kwenye simu kipengele cha kugawa intaneti kupitia USB, kisha uandike ip link kwenye kompyuta. Litaongezeka jina jipya, mfano usb0 au jina refu linaloanza na enx. Kwenye Debian 12 omba anwani kwa sudo dhclient usb0, ukiweka jina ulilolikuta. Kama amri hiyo haipo, jaribu sudo dhcpcd usb0. Baada ya hapo andika sudo apt update, halafu sudo apt install task-xfce-desktop kwa Debian au sudo apt install xubuntu-desktop kwa Ubuntu ya seva. Ninapendekeza Xfce badala ya GNOME kwa sababu mbili: kompyuta yenye kumbukumbu ya GB 2 huimudu bila kuhema, na upakuaji wake, ingawa ni mamia ya megabaiti, ni mdogo kuliko wa GNOME. Kabla hujakubali, apt, programu inayopakua na kuweka vifurushi, hukuambia ni megabaiti ngapi zitapakuliwa; linganisha kiasi hicho na salio la kifurushi chako, kisha ndipo ubonyeze Y.

Na hapa ndipo ulipo usakinishaji mpya wa kwanza ninaouhalalisha. Mwalimu aliyeko ndani ndani ya Liwale au Nanyumbu, ambako mtandao unapanda na kushuka, atapata nafuu zaidi akiletewa kwenye flashi faili kubwa ya Debian, ile ya DVD ya kwanza, ambayo imebeba eneokazi ndani yake. Ipakuliwe mara moja mjini penye mtandao mzuri, kisha itumike kwenye mashine zote za shule bila kugusa data tena.

Ninaandika neno la siri, skrini inakuwa nyeusi kidogo, kisha ninarudishwa kwenye skrini ya kuingilia. Nifanye nini?

Neno la siri lisilo sahihi huleta ujumbe wa kukataliwa. Kurudishwa kimyakimya kunamaanisha kwamba umekubaliwa ukaingia, halafu kipindi kikafa. Sababu zake ni chache na zinapimika, mradi ufike kwenye skrini ya maandishi: bonyeza Ctrl, Alt na F3 kwa pamoja, ukiongeza kitufe cha Fn kwenye baadhi ya laptopu. Ingia hapo kwa jina na neno lilelile. Kurudi kwenye picha ni Ctrl, Alt na F1 kwa Ubuntu, na F7 kwa Mint.

Pima kwanza nafasi ya diski kwa df -h. Mstari wenye alama ya / peke yake ukisoma 100%, kipindi hakina pa kuandikia faili zake ndogondogo na ndiyo maana kinakufa. Hili huwapata hata wenye mfumo mpya, hasa waliogawa diski wenyewe na kuipa sehemu ya mfumo gigabaiti chache huku nyingine zote wakizielekeza kwenye /home, sehemu ya faili za watumiaji. Punguza kwa sudo apt clean na kwa sudo journalctl --vacuum-size=100M, kisha ujaribu kuingia.

Nafasi ikiwapo, angalia umiliki wa faili kwa ls -la ~. Faili yako yoyote iliyoandikwa root, yaani mtumiaji mkuu wa mfumo, mahali pa mmiliki ni ya kutiliwa shaka, hususan .Xauthority, ambayo LightDM huitegemea. Hali hiyo hutokea mtu anapoanzisha programu yenye madirisha kwa sudo, au anaponakili faili za zamani kutoka diski ya nje akiwa root. Amri sudo chown -R karani:karani /home/karani huzirudisha zote kwa mwenyewe. Angalia pia ls -ld /tmp: mwanzo wa mstari unapaswa kusomeka drwxrwxrwt, na kama sivyo, sudo chmod 1777 /tmp huurudisha.

Inawezekana pia kwamba kipindi kilichochaguliwa ndicho kibovu. Kwenye GDM, ukishabonyeza jina lako, gurudumu dogo hutokea chini kulia, nawe unaweza kuchagua Xorg badala ya Wayland, ambazo ni njia mbili za kuchora picha kwenye skrini, kwenye mifumo ambayo bado inazo zote mbili. Kadi za zamani za Nvidia hupendelea Xorg. Mambo yote hayo yakiwa sawa, andika journalctl -b -p err na usome mistari ya mwisho.

Skrini inabaki nyeusi kabisa baada ya GRUB, hata ya kuingilia haiji. Je, kompyuta imeharibika?

Kwa kawaida ni kerneli na kadi ya picha ambazo hazijaelewana. Washa upya na uilete menyu ya GRUB: shikilia Shift kwenye mashine za baiosi, au gonga Esc kwenye zile za UEFI. Ukigonga mno utaangukia kwenye grub>, nawe utarudi kwa kuandika normal na kubonyeza Enter. Ukiwa juu ya mstari wa kwanza wa menyu bonyeza e, tafuta mstari unaoanza na linux, nenda mwisho wake, acha nafasi, andika nomodeset, halafu bonyeza F10. Badiliko hili ni la kuwaka mara hii moja tu, kwa hiyo halina hatari.

Ukifika eneokazini kwa njia hiyo, picha zinaweza kuonekana kubwa na nzito. Vumilia, kisha uweke draiva sahihi. Ubuntu na Mint zenye kadi ya Nvidia hutosheka na sudo ubuntu-drivers install. Ikiwa ulinzi wa Secure Boot umewashwa kwenye UEFI, amri hiyo hukuomba utunge neno la siri la muda, na ukiwasha upya inakuja skrini ya buluu inayosubiri uchague Enroll MOK na kulirudia neno hilo. Wengi huipita skrini hiyo wakidhani ni kosa, na draiva haipakiwi. Debian iliyotangulia toleo la 12 la Juni 2023 haikubeba firmware za kampuni, yaani programu ndogo zinazoendesha vifaa vyenyewe, kwenye faili yake ya kawaida ya kusakinishia, na kadi nyingi za AMD zilibaki gizani. Ukiwa na flashi ya zamani hivyo, itafutie mpya.

Nimesahau neno la siri nililoliweka. Je, kuna njia?

Ipo. Kwenye Ubuntu na Mint fika kwenye menyu ya GRUB kama ilivyoelezwa, chagua Advanced options, kisha mstari wenye maneno recovery mode, halafu root. Andika mount -o remount,rw / na baada yake passwd karani, uweke neno jipya mara mbili, kisha reboot. Debian ambayo haikupewa neno la siri la root haitakufungulia mlango huo; tumia kitufe cha e na kwenye mstari wa linux ongeza init=/bin/bash, uwashe kwa F10, ufuate amri mbili hizohizo, na umalize kwa sync na reboot -f.

Bila shaka umeona kwamba yeyote anayeweza kuishika kompyuta kwa mkono anaweza kufanya hivyo. Ofisi inayotunza majina ya wakulima na malipo yao ya korosho isitegemee neno la siri la kuingilia pekee. Ni vyema iisimbe diski wakati wa kusakinisha, yaani iifunge ili isisomeke bila neno la siri. Diski iliyosimbwa huuliza neno lake mapema zaidi, kabla ya skrini ya kuingilia, na neno hilo likisahaulika hakuna fundi wa Mtwara wala wa Marekani atakayeifungua diski hiyo. Huo ndio usakinishaji mpya wa pili unaohalalika, na faili zilizokuwamo zimekwenda.

Kwa nini siwezi kuingia kama root, na kwa nini sudo inanikatalia?

Ubuntu na Mint hazimpi root neno la siri, kwa hiyo usihangaike kulitafuta. Kazi za utawala hufanywa kwa sudo pamoja na neno lako mwenyewe. Debian inategemea ulichojibu wakati wa kusakinisha. Ukimwekea root neno la siri, mtumiaji wako haingizwi kwenye kundi la sudo, nawe utaambiwa kwamba hayumo kwenye faili ya sudoers. Andika su - na neno la root, kisha usermod -aG sudo karani, utoke kabisa na kuingia tena. Ukiacha nafasi ya root wazi, Debian hukupa sudo moja kwa moja, na huo ndio uamuzi ninaoupenda kwa kompyuta ya mtu mmoja. GDM ya Debian haimruhusu root kuingia kwenye picha hata akiwa na neno sahihi, nami sioni sababu ya kuilaumu.

Umeme ulikatika, na sasa kompyuta inaishia kwenye (initramfs). Je, nimepoteza kazi zangu?

Mara nyingi hapana. Andika exit na ubonyeze Enter; kompyuta itataja sehemu ya diski yenye hitilafu, mfano /dev/sda2. Iandikie fsck -y /dev/sda2, subiri imalize, kisha reboot. Hitilafu ikijirudia kila siku bila umeme kukatika, diski yenyewe inachoka, na cha kwanza kufanya ni kunakili faili zako kabla ya jambo jingine lolote.

Kuna sura nyingine ya tatizo hilihili ambayo ni ya hila zaidi. Umeme ukikatika wakati masasisho yanaendelea, vifurushi vya programu hubaki nusu, na asubuhi yake kompyuta inawaka vizuri lakini inaishia kwenye login:. Ingia hapo na uandike sudo dpkg --configure -a, ikifuatiwa na sudo apt -f install. Amri hizo mbili hukamilisha kilichoachwa njiani, na programu ya kuingilia hurudi. Laptopu ambayo betri yake imekufa ihesabiwe kuwa ni kompyuta ya mezani: isisasishwe umeme unapochezacheza.

Saa inasoma saa tatu mbele au nyuma, au mwaka si huu. Je, hilo linahusiana na kuingia?

Kuingia kwenyewe hakuzuiliki, lakini utakachokifanya baada ya hapo kitazuilika. Ikiwa Linux inakaa na Windows kwenye mashine moja, tofauti ya saa tatu kamili ni ya kutarajiwa: Linux huiweka saa ya ndani kwa UTC, saa ya kimataifa ya marejeo, Windows huiweka kwa saa za mahali, na Afrika Mashariki iko saa tatu mbele ya UTC. Amri sudo timedatectl set-local-rtc 1 huipatanisha Linux na mwenzake, na sudo timedatectl set-timezone Africa/Dar_es_Salaam huweka ukanda wetu.

Mwaka ukiwa wa zamani sana, betri ndogo ya ubao mama imekwisha. Kwa kompyuta nyingi za mezani ni CR2032. Kabla hujaibadilisha, kivinjari kitakataa tovuti nyingi, na apt itadai kwamba orodha zake bado hazijaanza kutumika, nawe unaweza kudhani ni mtandao.

Je, niiruhusu kompyuta iingie yenyewe bila kuuliza neno la siri?

Nyumbani, kama upendavyo. Ofisini, hapana. Tena ukiiruhusu, GNOME huendelea kukuuliza neno la kufungulia hazina ya maneno ya siri mara tu kivinjari kinapolihitaji, na waliotaka kuepuka swali moja hujikuta na jingine.

Nimeingia, lakini sioni aikoni wala menyu. Je, eneokazi ni bovu?

GNOME ya Debian huja hivyo. Bonyeza kitufe chenye nembo ya Windows na programu zitajitokeza. Ikiwa ni Xfce na upau wake umetoweka, fungua terminali, andika mv ~/.config/xfce4 ~/.config/xfce4-ya-zamani, washa upya, nayo itajitengeneza kama siku ya kwanza.

Je, skrini ya kuingilia na eneokazi vinaweza kuwa kwa Kiswahili?

Kwa sehemu. Mfumo unaitambua sw_TZ, ambayo huwekwa kwa sudo dpkg-reconfigure locales, na tarehe pamoja na majina ya siku hufuata. Menyu zimetafsiriwa nusunusu, kwa hiyo tarajia mchanganyiko. Tumewahi kuwa na ari zaidi ya hapo: Jambo OpenOffice, programu za ofisi zilizotafsiriwa kwa Kiswahili, ilitoka mwaka 2004. Kubadilisha lugha hakubadilishi neno lako la siri.

Nikishindwa kabisa, nimpe fundi taarifa gani kwa simu?

Mazungumzo ya kawaida huanza hivi: "Shikamoo fundi, kompyuta imegoma." "Marahaba. Unaona nini kwenye kioo?" "Hamna kitu." Hamna kitu huweza kuwa kioo kisichowaka kabisa, kioo kinachong'aa bila maandishi, au kistari kinachopepesa kwenye kona ya juu kushoto, na hayo ni matatizo matatu yasiyo na undugu. Mwambie fundi ni lipi kati ya hayo, umesakinisha mfumo gani na toleo gani, mashine ni ya aina gani, na ni nini cha mwisho kilichofanyika kabla haijagoma. Piga picha ya skrini kwa simu na umtumie, mistari yote na si ule wa chini pekee. Kama unaweza kufika kwenye skrini ya maandishi, andika journalctl -b > ~/ripoti.txt, chomeka flashi, ipachike kwa sudo mount /dev/sdb1 /mnt baada ya kuthibitisha jina lake kwa lsblk, nakili ripoti kwa sudo cp ~/ripoti.txt /mnt, kisha uandike sudo umount /mnt kabla ya kuichomoa flashi.